Mguu Mtupu Juu ya Klachi

...wala hajafika kwenye wagonjwa, bado yuko kwenye kushukuru, na Mchungaji Natanaeli akianza kushukuru huwa anaanzia Uvira, anashukuru kwa kila mto tuliovuka na kila turubai tulilolalia, mpaka afike hapa Mbarara kwenye uwanja wa kuuzia magari jua litakuwa limeshahamia upande wa Nyamitanga, na mimi nimekaa peke yangu ndani ya Haisi, nyuma ya usukani, wenzangu wamesimama nje wameizunguka, viganja juu ya bodi nyeupe, macho yamefumbwa, wale wote waliopata nafasi kwenye lori la mahindi asubuhi, na viatu vyao vimepangwa pale kwenye changarawe, kandambili nyingi, viatu vya kanisani vichache, na vyangu mimi... maana amesema, muvule biatu, fasi yenye Mungu ametenda ni takatifu, na wewe Baba Orpa, ingia, ikala ku usukani, tukuombee wewe na motoka pamoja, nikavua, nikaingia, nikaweka miguu pale miguu ya dereva inapokaa, na mguu wa kushoto ukaniambia kitu ambacho sikutaka kuambiwa... labda nimekosea, ngoja, taratibu, kidole gumba kwanza, hapa kwenye klachi raba ina mistari, sawa, mistari ipo, hafifu lakini ipo, sasa shuka kushoto, shuka... hakuna mistari, hakuna hata raba, pameteremka kama ukingo wa sabuni ya mwisho wa mwezi, halafu kitu baridi, chuma, chuma kitupu kwenye ngozi ya mguu wangu, na mita ya kilomita mbele ya macho yangu inasema elfu sabini na nne mia tatu na kumi na nane.

Elfu sabini na nne haili raba mpaka chuma, haiwezi, ningekuwa na imani ya kuhamisha milima bado isingeweza, gari la elfu sabini na nne klachi yake inakuwashawasha nyayo kama kikunio cha nazi, mimi nimeendesha malori ya miwa miaka tisa kwenye bonde la Ruzizi, najua kilomita ngapi zinakula nini, na kabla ya malori nilikuwa gereji kwa Anselme, Anselme aliyenifundisha kushika spana na kushika ulimi, alikuwa akiniambia, mita inasema chenye bamefundisha iseme, weye angalia fasi yenye muguu ya mushofere ilipita... ilipita, ndiyo, mguu ulipita hapa, mguu wa mtu mzito, mwaka baada ya mwaka, na mguu wangu wa kulia je, upeleke kwenye breki, polepole, wasione goti linacheza, wafikirie ni Roho... raba mpya, mpya kabisa, kali, inachoma nyayo, sasa gari changa namna hii nani aliibadilishia raba ya breki na kwa sababu gani, walibadilisha breki kwa kuwa breki ndiyo inayoonekana ukifungua mlango, klachi wakaipaka rangi nyeusi ya viatu, nikiangalia kidole changu sasa nitakuta nyeusi, naangalia, nyeusi, ee Mungu wangu, nyeusi kama nimekanyaga jiko.

Nje anasema, tulikuwa tunabeba bamama ku mugongo, Bwana, tulikuwa tunababeba ku piki, na barabara inabamaliza, ukatuona... anamsema Mukakalisa, wote wanajua anamsema Mukakalisa, mwimbaji wa sauti ya kwanza, aliyeanza uchungu siku ambayo ambulansi ya kambi ilikuwa imeshabeba mwingine, wakamweka kwenye bodaboda katikati ya dereva na mumewe, na mvua, na ile njia ya kwenda hospitalini Kabingo inavyokuwa ikinyesha, hakufika Kabingo, mumewe alirudi naye vilevile kwenye pikipiki, amemshika kwa nyuma asianguke, watu waliokuwa njiani walidhani anarudi na mzima... hapo ndipo Mama Anne aliposimama kanisani akasema hatutazika mwingine namna hii, wamama wakalima mashamba ya kukodi misimu miwili, wakauza mahindi, wakauza mbuzi, mmoja aliuza cherehani yake, na walipopata walichopata wakauliza, kati yetu nani anajua motoka, na wote wakageuka kunitazama mimi, mimi Modeste niliyekuwa sijatazamwa na mtu miaka kumi na mmoja isipokuwa kwenye foleni ya posho, na nikasimama, nikasema mimi najua, na nilikuwa najua, hiyo ndiyo inayoniua, sikusema uongo, nilikuwa najua kila kitu.

Basi macho yako yalikuwa wapi wiki jana, ewe mtu unayejua... macho yalikuwa kwenye nyama ya mbuzi, sema kweli, nilifika hapa na vumbi la kambi ya wakimbizi ya Nakivale mpaka kwenye kope na huyu Karyaija mwenye magari akatoka ofisini kwake akasema, Injinia, karibu, karibu ssebo, bwana mkubwa, wewe kalia kiti hii, si hiyo, hiyo ni ya wateja ya kawaida, akaniletea muchomo wa mbuzi na soda baridi, akasema, mimi napenda kuuzia mtu anajua gari, hawa wengine nauliza tu rangi, hii ilikuwa ya mzungu moja mzee, alikuwa naenda tu sokoni na kurudi nyumbani, angalia mita yenyewe, haiwezi kudanganya mtu kama wewe... Injinia, nani alikuwa ameniita hivyo, kambini mimi ni nambari ya kadi na ukubwa wa familia, nikafuta mafuta mdomoni, nikapanda, na nilipowasha, jamani, nilipowasha na usukani ukatetemeka kidogo mikononi mwangu nilisikia machozi, mwanaume mzima, nikaipeleka mpaka mlima wa Kamukuzi, ikapanda bila kulalamika, nikabadilisha gia ya pili ya tatu ya pili tena pasipo sababu, kwa utamu tu, mtu ambaye mkono wake ulikuwa umezoea jembe, na sikusikia injini hata kidogo, nilikuwa najisikia mimi, na mguuni nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi vya kanisani vyenye soli nene kama tofali, nilivivaa ili nifanane na mtu wa maana, na soli ya mtu wa maana haisikii kitu, nikarudi nikachungulia mafuta ya injini, nikapiga tairi teke kama mjinga yeyote wa sokoni, nikasema ni nzima.

Ni nzima, nikawaambia na kanisani, Jumapili, nikiwa nimeshika kipaza sauti, nikaongeza maelezo ambayo hakuna aliyeniuliza, nikasema injini hii ina mkanda ndani, mkanda ukikatika injini inajivunja yenyewe, gari halisukumwi likawaka tena, lakini msiogope, mkanda unabadilishwa kwenye laki moja na hii iko elfu sabini na nne, bado tunao muda, wamama wakapiga vigelegele kwa ajili ya mkanda, na sasa nani anajua mkanda huo una umri gani, laki mbili, laki mbili na nusu, huenda ulibadilishwa, huenda tangu Japani haujaguswa, huenda umebaki nyuzi tatu unasubiri kilima, na si mkanda peke yake, giaboksi, pampu, vichwa vya usukani, kila kilichozunguka kimezunguka mara tatu ya tulichoambiwa, na hela imeisha, mafuta ya kuturudisha leo ametoa Mama Anne kwenye pochi yake mwenyewe nikimwona... hebu acha, huenda ni raba tu, huenda yule mzungu mzee alikuwa na tabia ya kulalia klachi kwa mguu safari nzima, wapo, Anselme alikuwa akiwatukana, basi angalia vingine, kope nusu, wasione, mkanda wa kiti hapa begani, uvute kidogo, ukingo wote umechanika nyuzi nyuzi, huo ni mkono wa mtu ukiuvuta asubuhi na jioni miaka mingi, sukuma kapeti jipya kwa kisigino, chini yake la zamani lina tundu la kisigino, tundu zima, na usukani wameuvalisha kava jipya la ngozi, nilisifia lile kava, Bwana nisamehe, nilisema pazuri hapa, ingiza ukucha chini yake, hapa kwenye mshono... laini, imesuguliwa mpaka haina chembe, na zile tarakimu zenyewe, sasa ninaziona, saba imepanda kidogo juu ya wenzake, haikukaa sawa, wiki jana niliisoma bila kuitazama, na najua kabisa inavyopandishwa, ile saba.

Najua kwa sababu nimewahi kushika tochi. Mimi nilikuwa nashika tochi, Anselme anafungua dashibodi, bisibisi ndogo ya fundi saa, anazirudisha moja moja kwa ncha, akitokwa jasho, akisema usitikise mwanga kijana, na ile Peugeot akaiuza kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwalimu akanishika mkono na mimi, akanishukuru mimi, mshika tochi, na aliporudi miezi miwili baadaye amepakia vipande vya injini kwenye mkokoteni nilishuka kwenye shimo la gereji nikajifanya nafunga nati, nikamsikiliza juu yangu akiuliza kwa upole, Anselme, ni nini hii, si ilikuwa ya kilomita kidogo tu, hakupiga kelele, angepiga kelele ningesahau... viatu vyake nilivyokuwa naviona kutoka shimoni, vimefungwa kwa uzi wa kushonea magunia... na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikasema nitakuwa mtu mwingine nikiondoka kwenye shimo hili, basi nimeondoka, nimevuka mipaka miwili, nimebatizwa upya kwenye ziwa Nakivale, na angalia nilipokaa.

Sema. Sema sasa hivi, fungua mlango useme simameni... mtu hakatizi maombi, watadhani nimepandwa na pepo, wataanza kuniombea na mimi, basi ngoja Amina, baada ya Amina useme ndugu zangu, gari hili lina uongo ndani yake, na kisha Karyaija ataingia ofisini atatoka na ile karatasi, karatasi ya Kiingereza niliyowekewa mbele ya chupa ya soda, akanitafsiria mwenyewe, hapa wanasema tu wewe umeangalia gari na umekubali kama iko, ni kawaida, nikaweka sahihi, nikaweka na mkia wa kujipamba chini yake, kama mkurugenzi, umekubali kama iko, ilivyo na kasoro zake, na yeye ni mwenyeji na sisi ni wageni wenye kadi, atatuambia nini, ataniambia Injinia si wewe mwenyewe, na hapo hakuna atakayemtazama Karyaija, wote watanigeukia mimi, na Mama Anne atakaa chini tu pale kwenye changarawe, namjua... au nimwambie Mchungaji peke yake njiani, kwa sauti ya chini, atanisikiliza, kisha atasema, Baba Orpa, tulishashukuru, na hilo ndilo neno lenyewe, kwetu kitu kikishashukuriwa hakilalamikiwi, kuna mwaka tulipewa mahindi tukayashukuru magunia yakiwa bado yamefungwa, tukafungua tukakuta dumuzi wanatembea, mtu mmoja akasema turudishe, wazee wakasema tulishashukuru, tukasaga, tukala ugali na wadudu wake, nasi tukacheka kwamba ni nyama ya bure, lakini dumuzi hawampeleki mtu hospitali saa nane ya usiku, hawakatikii njiani kwenye vichaka kati ya Kabingo na...

Orpa. Sikutaka kumfikia, nimezunguka kote huko ili nisimfikie. Orpa binti yangu, mimba yake mwezi wa nane unaisha, na kovu la mtoto wake wa kwanza limekaa tumboni kama zipu, na daktari wa hapa Mbarara alimwambia nikiwa nimesimama karibu, alinitazama mimi usoni kwa kuwa Orpa hajui Kiingereza na mimi nakisikia, ingawa kukisoma sijui, akasema huyu asijaribu kuzaa nyumbani, kovu linaweza kufunguka, uchungu ukianza tu aje, ni suala la saa, si la siku, na Orpa akaniuliza kasema nini, nikamwambia kasema upumzike, na siku nilipotangaza gari kanisani alinishika mkono tukirudi, akasema, Baba, sasa sitaogopa tena, weye ndo utanipeleka, niko nalala muzuri kabisa... analala vizuri, anakoroma sasa, naisikia kupitia ukuta wa udongo, alikuwa hajakoroma tangu ujauzito uanze, na nimekuwa nikilala nikisikiliza mkoromo huo kwa raha, nikisema nimelipa kitu kimoja kwenye maisha haya.

...na tunakushukuru kwa macho ya Baba Orpa, hiyo ni sauti ya Mama Anne sasa, amepokea maombi, analia, tunakushukuru, Bwana, kati ya sisi bajinga uliweka mutu mwenye anajua, macho yake haikudanganywa, bila yeye tungenunua nini... nyamaza mama, nyamaza, wanasema ndiyo, wanasema amina, amina, bodi yote inatetemeka kwa viganja vyao, na mimi nafungua macho kwa kuwa gizani ni kubaya zaidi, na kupitia kioo naona mtu mmoja mwingine aliyefungua macho, Karyaija, amesimama kwenye ngazi ya ofisi yake, kofia mkononi kwa heshima, viatu mguuni, ananitazama, si usoni, anatazama chini kupitia mlango ulioachwa wazi, anatazama mguu wangu mtupu ulivyokaa juu ya klachi, na unyayo wangu mweusi, anatazama kwa muda, kisha ananipandishia macho, na haoni haya, wala hacheki, ananitazama kama fundi anavyomtazama fundi, kama anayeuliza, nawe ulikuwa wapi wiki jana ssebo, kisha anainamisha kichwa, anafumba macho, na Amina yake inatoka kubwa kuliko ya mashemasi.

Basi najua, na anajua kwamba najua, na hakuna kilichobadilika, viganja viko palepale, jua liko palepale, na nitawasha hili gari, najua sasa kwamba nitaliwasha, nitawapakia wote na viatu vyao na nitawarudisha wakiimba, hasira inanipanda na haina pa kukaa, nimkasirikie Karyaija, nimkasirikie Anselme na bisibisi yake, hapana, najua ni nani, na ikiwa siwezi kusema basi angalau niombe, nimekuwa nikikaa hapa kwenye maombi nusu saa bila kuomba, basi, Mungu, mimi Modeste, huo mkanda siuoni lakini wewe unauona, wewe unajua nyuzi zake zimebaki ngapi, uushike, sikuombi muujiza, sikuombi uwe mpya, uushike tu kwa vidole vyako, mwezi huu na nusu ya mwezi ujao, kilima cha Kabingo uushike, kwenye matope uushike, mpaka Orpa, mpaka Orpa tu, nimfikishe, wamfungue, nisikie kichanga kikilia, na baada ya hapo fanya utakavyo, ukatike baada ya... baada ya hapo ukatike na nani ndani... nimesema nini, ni nani atakayekuwa amelala pale nyuma siku hiyo, ni yupi kati ya hawa walioweka viganja, yule aliyeuza cherehani, mkwe wa Mama Anne, yupi, nimemwomba Mungu aniwekee wangu na achague kati yao, futa, nilitaka kusema mpaka wote, Bwana, nisikie, nilitaka kusema wote, lakini wote gari hili haliwezi na hapa ni mimi peke yangu ninayejua kwamba haliwezi, na moyo wangu unarudi palepale kama ng'ombe kwenye njia ya maji, mpaka Orpa tu, mpaka Orpa tu, na nje Mchungaji amepokea tena, anapaza sauti, na lile ombi lenye kila mutu anabeba mu roho yake saa hii, Bwana, ulipokee vile liko, usipunguze, na wote wanaitikia Amina, Mama Anne anaitikia Amina huku machozi yanamtiririka kwenye kioo changu, na mimi naitikia.